Pumzi ya Sufiani

Ukitaka kujua kama leo ni Ijumaa nyumbani kwa Bi Miza, usiangalie kalenda. Nusa. Siku nyingine nyumba ile ya Mji Mkongwe, Bagamoyo, hunukia dagaa au mchicha. Ijumaa hunukia pweza wa nazi.

Mpishi ni Zuwena, mkwe wa Bi Miza. Humnunua pweza asubuhi soko la samaki, kisha humpiga juu ya jiwe la uani mpaka jasho limtoke. Pweza asiyepigwa hubaki mgumu kama kandambili.

"Mpige vizuri, mwanangu," Bi Miza humwambia kutoka dirishani. "Meno yangu yamebaki ya kuchekea tu."

"Nampiga, Mama. Huyu mpaka sasa ameshatubu."

Naye Sufiani, mume wa Zuwena, fundi wa mafriji, hupitisha kichwa mlangoni. "Bora umpige yeye," husema. "Ukichoka naye, mimi nimepona."

Ndivyo walivyoishi, kwa mzaha na kwa heshima. Binti yao, Wahida, alikuwa akisoma Fukayosi kwa shangazi yake. Nyumbani walibaki watatu.

Katika chumba cha Bi Miza, kwenye msumari ukutani, lilining'inia kapu la ukili. Ndani yake mlikuwa na kafuri, pamba, udi na kitambaa cheupe. Bi Miza alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa mtaani, kapu lile hushushwa. Wala kazi yake haikuwa kuosha tu. Mtu akizidiwa, awe mwanamke au mwanamume, Bi Miza huitwa akae kichwani pake. Humgeuza mgonjwa kuelekea kibla. Humdondoshea maji kidogo mdomoni, asiondoke na kiu. Humtamkisha shahada. Kwa miaka thelathini aliijua sauti ya pumzi ya mwisho kama wengine wanavyoijua sauti ya adhana. Akisema "bado," watu hukaa. Akisema "tayari," watu hulia.

Jumanne moja Zuwena alikwenda kwenye baraza ya madrasa. Dija alikuwa akifundisha huduma ya kwanza. Dija ni mhudumu wa afya wa mtaa, binti wa miaka ishirini na sita, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuja na mdoli wa mpira, kichwa na kifua tu. Wanawake walimcheka mdoli mpaka wakajishika mbavu.

"Dija, mchumba wako mbona hana miguu?" aliuliza Ashura, jirani wa Zuwena.

"Nimemchagua hivyo makusudi, asinikimbie," Dija alijibu. "Haya, da Zuwena, anza wewe. Piga magoti."

Zuwena alipiga magoti. Dija akamwekea kiganja kimoja katikati ya kifua cha mdoli, na kiganja cha pili juu ya cha kwanza.

"Nyoosha mikono. Mabega yako yawe juu ya viganja. Bonyeza."

Zuwena akabonyeza.

"Unambembeleza? Bonyeza kama unampiga pweza! Kifua kishuke upana wa vidole vitatu. Kisha kiache kiinuke chenyewe. Haraka, karibu mara mbili kwa kila sekunde."

"Nitamvunja mbavu, Dija."

"Ubavu ukivunjika, hospitali wataushughulikia. Moyo uliosimama hausubiri hospitali."

Baada ya mara thelathini, Dija aliwaonyesha namna ya kufungua njia ya hewa. Unaweka mkono mmoja kwenye paji la uso na vidole viwili chini ya kidevu. Kichwa kinarudi nyuma, kidevu kinainuka. "Mtu akizimia, ulimi wake hulegea ukaziba koo," alisema. "Ukiinua kidevu, ulimi unatoka njiani." Kisha unabana pua, unafunika mdomo wake kwa mdomo wako, unapuliza mara mbili huku ukitazama kifua kama kinapanda. Halafu unarudi kubonyeza.

"Na sikilizeni hili," Dija akaendelea, na safari hii hakutania. "Mtu kaanguka. Mnamwita, haitiki. Mnamtikisa, kimya. Lakini mnasikia anavuta pumzi moja moja, kwa mbali, kama anayekoroma, au kama samaki aliyetolewa majini. Msidanganyike. Ile si pumzi. Moyo umesimama na mwili unahangaika. Hapo msingoje. Bonyezeni."

Simu ya Zuwena ikaita. Alikuwa Sufiani. "Mama Wahida, maharage yako yananukia mpaka barabarani! Yanaungua!"

Zuwena aliruka, akajifunga kanga vizuri, akachukua viatu mkononi.

"Da Zuwena, bado somo la kusakamwa na chakula!" Dija alimwita.

"Nitalimalizia Jumanne ijayo!"

Jioni ile alimsimulia mama mkwe wake aliyojifunza. Bi Miza alisikiliza huku akichambua mchele. Alipofikishiwa habari ya kukoroma, aliweka ungo chini.

"Pumzi hiyo naijua, mwanangu. Mtu akiivuta, ameshaitwa. Unamzuiaje mtu aliyeitwa?"

Zuwena aliuokota ungo, akaendelea kuchambua. Utabishanaje na mama mkwe wako juu ya kazi aliyoifanya kabla wewe hujaolewa?

Ijumaa ikafika. Siku hiyo pweza walichelewa sokoni. Zuwena alimpiga wake haraka haraka, akamkata vipande vikubwa, akambandika. Sufiani aliporudi msikitini, sinia lilikuwa tayari mkekani: wali katikati, mchuzi kando, limau na pilipili. Wakanawa, wakasema bismillahi, wakaanza kula.

Sufiani alikuwa na tabia moja. Hakujua kula bila kusimulia.

"Leo kaja mteja," alisema, shavu limejaa. "Ananiambia, fundi, friji langu haligandishi. Nikalifungua. Mama, unajua nimekuta nini? Paka! Kalala na watoto wake wanne!"

"Ndani ya friji?" aliuliza Bi Miza.

"Ndani! Tena ananikazia macho kama nimeingia chumbani kwake bila hodi!"

Wote watatu wakaangua kicheko. Kicheko cha Sufiani kikakatika katikati.

Alishika shingo kwa mikono miwili. Hakukohoa. Hakutoa sauti. Macho yalimtoka.

"Mwiba!" alisema Bi Miza.

"Pweza hana mwiba, Mama!"

"Basi amepaliwa tu. Mpe tonge!"

Dawa hiyo Bi Miza aliirithi kwa mama yake. Ukichomwa na mwiba wa samaki kama changu kooni, unapewa tonge la wali, unalimeza bila kutafuna, nalo linashuka na mwiba wake. Alifinyanga tonge kubwa kwa vidole vyake, akamtia mwanawe mdomoni.

"Meza! Usitafune!"

Sufiani alikuwa mtoto mtiifu. Akajaribu kumeza. Tonge likaenda kukaa juu ya kile kipande cha pweza, likaziba hata ile njia ndogo iliyobaki.

"Maji! Mnyweshe maji!"

Maji yakarudi, yakatokea puani. Midomo ya Sufiani ikageuka rangi. Akaanguka chali, sinia likapinduka, wali ukatapakaa mkekani.

"Baba Wahida!" Zuwena alimtikisa bega. "Baba Wahida!"

Kimya. Kisha koo la Sufiani likatoa sauti. Moja. Nzito. Kama mtu anayekoroma kutoka chumba cha mbali.

Bi Miza aliisikia, na uso wake ukabadilika. Hofu iliondoka. Ukaja utulivu wa miaka thelathini ya kazi, na huo ndio uliomtisha Zuwena zaidi.

"Mgeuze kibla," Bi Miza alisema kwa sauti ya chini. "Niletee maji, nimdondoshee. Mwanangu anakwenda."

Zuwena alikuwa na kikombe mkononi. Maji yalikuwamo. Alikuwa ameishi miaka kumi na minne katika nyumba ile, na hakuwahi kumwambia mama mkwe wake neno "hapana."

Alikitupa kikombe.

"Hapana, Mama. Haendi."

"Zuwena! Mwache mume wako aondoke kwa staha!"

"Haondoki! Mama, hiyo si pumzi! Hiyo si pumzi!"

Akapiga kelele dirishani: "Ashura! Tafuta bajaji, Sufiani kaanguka!" Akampigia Dija, akafungua spika, akaiweka simu juu ya mkeka. Mikono yake ilikuwa imeshafika kifuani.

"Dija! Sufiani hajibu! Anakoroma!"

"Anza kubonyeza!" sauti ya Dija ilijaa chumba. "Nakuja. Usikate simu. Hesabu nikusikie!"

"Moja, mbili, tatu, nne..."

"Ameanguka vipi?"

Zuwena hakuweza kuhesabu na kujibu. Bi Miza ndiye aliyejibu. "Pweza. Kipande kimemkaa kooni. Nami nikampa tonge."

"Sawa, Bi Miza. Endelea, da Zuwena. Ukifika thelathini, rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, fungua mdomo, tazama ndani. Ukiona kitu, kitoe. Usipokiona, usichokore na kidole. Utakisukuma mbali zaidi."

"...ishirini na tisa, thelathini!"

Zuwena alitazama. Aliona wali mweupe juu juu, akautoa. Nyuma yake palikuwa giza.

"Sioni!"

"Bana pua, puliza!"

Akapuliza. Ilikuwa kama kupuliza ukuta. Kifua hakikupanda.

"Haiingii, Dija!"

"Rekebisha kichwa, jaribu mara moja tena."

Haikuingia.

"Rudi kifuani! Kule kubonyeza ndiko kunakosukuma kitu kitoke. Bonyeza kwa nguvu!"

Moja, mbili, tatu. Bi Miza alikuwa amepiga magoti upande wa kichwa cha mwanawe. Midomo yake ilikuwa inasoma, lakini maji hakuyagusa tena. Ilipofika kumi na saba, kitu kililia "kwa!" ndani ya kifua cha Sufiani. Zuwena akashtuka, mikono ikasita.

"Nimesikia," ilisema simu. "Ni ubavu. Usiache!"

Hakuacha. Jasho lilimdondoka puani. Alipofika thelathini, aliinua kidevu, akafungua mdomo. Na pale, nyuma ya ulimi, kitu cha rangi ya zambarau kilikuwa kimechomoza, na vile vikombe viwili vya mkono wa pweza vikimtazama.

Zuwena alikishika kwa vidole viwili kama anavyowashika pweza wake kila Ijumaa. Akakivuta. Kikatoka.

"Kimetoka!"

"Puliza!"

Akapuliza.

"Kimepanda!" Aliyepiga kelele hiyo alikuwa Bi Miza. "Dija, kifua kimepanda! Kimepanda!"

"Mara ya pili! Kisha rudi kifuani!"

Alikuwa amebonyeza mara kumi na moja hivi Sufiani alipokunja uso. Akakohoa. Akatapika wali. Akavuta pumzi ndefu, chafu, yenye kelele, na Zuwena hajawahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Dija aliingia mbio, kanga kiunoni, viatu hana. Aliinama, akatazama kifua cha Sufiani kikipanda na kushuka chenyewe. Akamgeuza alale ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimerudi nyuma kidogo.

"Hivi matapishi yanatoka nje, hayarudi kooni," alieleza huku akihema. "Msimpe maji. Msimpe chochote. Bajaji iko wapi?"

Ilikuwa mlangoni. Msabaha, dereva wa bajaji wa mtaani, alikuwa ameshawasha. Wakampeleka hospitali, Dija akimtazama pumzi njia nzima.

"Si ameshaamka?" aliuliza Msabaha.

"Kuamka si kupona," Dija alijibu. "Lazima daktari amtazame mapafu na mbavu. Endesha, kaka, lakini tufike wote."

Jumatatu Sufiani alirudi nyumbani, anatembea kama mzee. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika. Majirani waliokuja kumjulia hali walijaa barazani.

"Miaka kumi na minne mke wangu ananitafutia sababu ya kunipiga," aliwaambia. "Ijumaa ameipata."

"Nyamaza," alisema Zuwena. "Na uangue kicheko tena na chakula mdomoni, uone."

Walicheka wote, isipokuwa Bi Miza. Tangu Ijumaa alikuwa hali chakula vizuri. Dija alipofika kumtazama mgonjwa, Bi Miza alimwita kando yake mkekani.

"Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nina swali, na usinijibu kwa kunipendeza. Mimi nimewageuza wangapi kibla kabla ya wakati wao?"

Dija alikaa, akamshika mkono.

"Sijui, Bi Miza. Hakuna ajuaye. Wengi uliokaa nao waliugua miezi, hospitali ikawarudisha nyumbani, mwili umechoka. Wale walihitaji shahada na mkono wa mtu kama wewe. Ile ni kazi ya thawabu, wala usiiache. Lakini mtu aliyekuwa anacheka sasa hivi, mara akaanguka? Aliyetolewa majini? Aliyepigwa na umeme? Huyo bado ana nafasi. Huyo usimtie maji mdomoni, maana hawezi kumeza, na maji yataingia kwenye mapafu. Huyo abonyezwe kwanza."

"Na shahada?"

"Wewe Ijumaa ulikuwa unafanya nini?"

Bi Miza akafikiri. "Nilikuwa nasoma."

"Na Zuwena alikuwa anabonyeza. Kuna aliyemzuia mwenzake?"

Bi Miza alitikisa kichwa polepole. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, na ile sauti yake ya dirishani ikarudi. "Basi nifundishe na habari ya tonge. Huyu mkwe wangu alikimbilia maharage, somo likamponyoka."

"Mama!" alisema Zuwena.

"Si kweli?"

Dija akamsimamisha Ashura awe mgonjwa, maana Sufiani alikataa kuguswa na mtu yeyote. "Kuna kupaliwa na kuna kusakamwa," alisema. "Aliyepaliwa anakohoa na anaongea. Mwache akohoe, mhimize akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Aliyesakamwa hatoi sauti. Anashika shingo tu. Huyo usimpe tonge, ndizi, wala maji. Simama ubavuni pake, muinamishe mbele, mkono mmoja umshike kifua. Kwa kiganja cha pili mpige katikati ya mabega. Mara tano, kwa nguvu."

"Taratibu na mgongo wangu!" alilalamika Ashura.

"Kisipotoka, unasimama nyuma yake. Ngumi moja juu kidogo ya kitovu, mkono wa pili juu yake. Unavuta ndani na juu, mara tano. Kisha unarudi mgongoni. Mpaka kitoke, au mpaka azimie. Akizimia, mlaze chini na ufanye kama alivyofanya Zuwena."

"Mwenye mimba je?" aliuliza Ashura.

"Mwenye mimba usimbane tumbo. Vuta kifua, katikati. Na mtoto mchanga ana njia yake. Njooni Jumanne niwaonyeshe kwa mdoli mdogo. Huyo ana miguu."

Jumanne ile baraza ya madrasa haikutosha. Bi Miza alifika wa kwanza. Magoti yake hayakuwa ya kupigwa tena, kwa hiyo wakamwekea mto. Aliweka viganja vyake juu ya kifua cha mdoli, viganja vilivyowaosha nusu ya mabibi wa mtaa ule. Akabonyeza mpaka mpira ukalia.

"Mashallah, Bi Miza!" alisema Dija. "Lakini acha kifua kiinuke."

"Ngoja kwanza," alijibu, akihema. "Mikono hii imezoea kuwasindikiza. Ipe muda ijifunze kuwarudisha."

Haikuhitaji muda mrefu. Mwezi uliofuata kulikuwa na maulidi nyumbani kwa Ashura, na pilau ya nyama. Mzee Twalib, jirani asiyependa kutafuna, akakaukiwa na sauti mbele ya sinia. Watu wakaanza kupiga kelele: "Tonge! Mpeni tonge!"

"Asimpe mtu tonge!" Sauti ilitoka upande wa wanawake. Bi Miza alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia. Akamuinamisha Mzee Twalib, akampiga mgongoni kama anayekung'uta zulia. Pigo la nne, nyama ikaruka mpaka kwenye kofia ya mpiga dufu.

"Unaniua, mwanamke!" alisema Mzee Twalib, akikohoa.

"Umeongea," alisema Bi Miza. "Alhamdulillahi. Sasa kesho uende hospitali wakutazame, na leo utafune."

Siku hizi Zuwena humpiga pweza wake mpaka mwisho, hata soko likichelewa. Humkata vipande vidogo. Karibu na mlango amebandika karatasi yenye namba ya simu ya hospitali, ya Dija na ya Msabaha. Sufiani bado anasimulia wakati wa kula, ila humeza kwanza, kisha huinua kidole kuomba ruhusa.

Na lile kapu la ukili bado liko ukutani, kwenye msumari wake. Lina miezi mitatu halijashushwa. Juzi Zuwena alichukua kitambaa, akataka kulipangusa vumbi.

"Liache, mwanangu," alisema Bi Miza kutoka kitandani. "Vumbi hilo linanipendeza."